Laini ya Simu Isiyonunua Kuni

Mwaka 2015 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) lilianza kutuma pesa za chakula kwa njia ya simu katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, kaunti ya Turkana, Kenya. Mpango huo ukaitwa Bamba Chakula. Bamba ni neno la Sheng lenye maana ya kupata au kunasa, na Wakenya walikuwa wamekwisha kulizoea kwenye kadi za muda wa maongezi. Kaya ilipewa laini ya pekee. Pesa zikiingia, mwenye laini hakuweza kuzitoa kwa wakala wala kumtumia nduguye. Alizipeleka kwenye duka lililosajiliwa, akanunua chakula, basi. Pombe na sigara zilipigwa marufuku, jambo ambalo wengi wataliafiki. Lakini kwa sharti hilohilo, laini ile haikununua sabuni, wala sodo, wala daftari la mtoto. Haikununua kuni pia.

Tuanzie kwenye kuni, maana zinaeleza mengi. Maharagwe makavu yanataka moto wa saa mbili au zaidi. Mtama kwa kawaida husagwa kwanza, na mwenye mashine hasagi bure. Mtu aliyepewa maharagwe na mtama bila kuni na bila hela ya kusagia, bado hajapewa mlo. Huko Kakuma kuni na makaa huletwa na wenyeji Waturkana, na mara nyingi mkimbizi huvilipia kwa chakula. Sehemu ya mgao inatoka kwenye gunia kwenda kuivisha sehemu iliyobaki.

Kabla ya Bamba Chakula hali ilikuwa ngumu zaidi. Tangu kambi ianzishwe mwaka 1992, watu walipanga foleni wakapokea nafaka, mbaazi za kupasuliwa, mafuta na chumvi. Msomali aliyezoea wali na pasta, Mkongo wa muhogo na samaki, Msudani Kusini wa maziwa, wote gunia moja. Wakauza sehemu ya mgao ili wapate wanachokila. Na mnunuzi anapojua kwamba muuzaji ana shida, bei haipandi. Kwa hiyo laini ya simu ilikuwa hatua ya kweli mbele. Watafiti walipolinganisha Kakuma, ambako mgao mwingi ulikuwa bado wa magunia, na makazi jirani ya Kalobeyei, yaliyofunguliwa mwaka 2016 na kuwekwa karibu kabisa kwenye Bamba Chakula, waliona watu wa Kalobeyei wanakula vizuri zaidi. Kuchagua kati ya vyakula kulisaidia. Swali linalobaki ni kama tulipaswa kuishia hapo.

Ninaamini hatukupaswa, na sababu yangu ya kwanza ni hesabu. Kalobeyei kila mtu alikuwa akipata takriban shilingi 1,400 za Kenya kwa mwezi. Chukua kaya ya watu watano: ni shilingi 7,000. Tuseme mama wa kaya hiyo, kwa busara yake, angetumia 6,200 kwa chakula na 800 kwa kuni, kusagisha na sabuni. Sharti linamwambia zote 7,000 ziende kwenye chakula. Atafanya nini? Atachukua dukani unga na mafuta ya shilingi 800 ambayo hakuyahitaji, atoke nje ayauze, labda kwa 600. Kuni atazipata, kwa sababu lazima azipate. Ila shilingi 200 zimepotea njiani, na sahani ya watoto haikuongezeka hata kijiko. Sasa chukua kaya ya pili, ambayo ina kipato kidogo pembeni na mahitaji yake ya chakula yanapita 7,000. Hiyo sharti haliigusi kabisa. Pesa zote zingeishia kwenye chakula hata bila kuamriwa. Ndiyo kusema sharti la namna hii aghalabu halina kazi, na pale linapopata kazi, linamtoza ada maskini kuliko wote, yule asiye na shilingi nyingine mfukoni.

Nambari za mama huyo ni za mfano, lakini tabia yenyewe imeonekana. WFP ilipoanza mwaka 2019 kuhamisha kaya za Kalobeyei kwenye pesa taslimu zisizo na masharti, kupitia akaunti za benki, watafiti walipata nafasi ya kulinganisha majirani wa pande mbili. Waliokuwa bado chini ya masharti walikuwa wakiuza chakula kwa hasara ili wapate pesa mkononi.

Sababu ya pili haizungumzwi vya kutosha: sharti la nini kinunuliwe huja na sharti la wapi kinunuliwe. Pesa za chakula tu zinahitaji duka linalosimamiwa, na duka linalosimamiwa lazima lisajiliwe. Hapo mteja anakuwa hana pa kwenda. Pesa zikichelewa wiki moja, familia inakopa kwa mwenye duka. Mwenye duka, naye akilinda biashara yake, anashika laini kama rehani. Mwezi unaofuata pesa zinaingia zikiwa zimeshaliwa, na aliyekopa hawezi kuuliza bei kwa jirani wala kulalamikia mizani. Deni hili halikufutika kwa kuondoa masharti tu. Hata waliopokea taslimu, wengi waliendelea kudaiwa, maana mgao mdogo unaochelewa huzaa deni kwa mfumo wowote. Lakini mwenye pesa taslimu anaweza angalau kutembea hadi duka la pili.

Najua hofu inayowafanya wafadhili wapende masharti. Wanaogopa kwamba baba atachukua pesa akanywe. Hofu hiyo si ya kudharauliwa, kwani wako wanaofanya hivyo, na mtoto wa nyumba hiyo analala njaa kweli. Lakini hofu hiyo imepimwa. Mwaka 2014 wachumi wawili wa Benki ya Dunia, David Evans na Anna Popova, walikusanya tafiti 19 kutoka Afrika, Asia na Amerika ya Kusini kuhusu watu maskini waliopewa pesa. Kwa ujumla hawakukuta kwamba matumizi ya pombe na tumbaku yaliongezeka. Na Turkana yenyewe ina ushahidi wake: mpango wa serikali ya Kenya wa HSNP huzipa kaya maskini za Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera pesa kupitia benki bila kuzipangia cha kununua. Mturkana aliyeaminiwa na serikali yake na mkimbizi asiyeaminiwa walikuwa wakinunua sukari kwenye soko moja.

Wanaotaka masharti kwa ajili ya afya wana hoja nzito zaidi. Hoja hiyo inasikika sana Marekani, nchi ambayo familia nyingi za Kakuma zimehamishiwa na nyingine zikaanza maisha kwa kadi ya msaada wa chakula ya SNAP. Kadi hiyo hainunui pombe, sigara, sabuni wala, kwa kawaida, chakula cha moto, lakini kwa miaka mingi imenunua soda. Mei 2025 Nebraska ikawa jimbo la kwanza kupewa ruhusa ya kuizuia, kuanzia Januari 2026. Kisukari ni ugonjwa wa kutisha na sukari ya chupa inachangia; silikatai hilo. Ila mwenye kadi ambaye ana pesa kidogo mfukoni atailipia soda kwa pesa hizo, na kadi itanunua mkate. Kikapu ni kilekile. Kama soda inaua, iwekewe kodi kwa wote wanaoinywa.

Kuna mahali ninapokubali sharti bila kusita. Mtoto mwenye utapiamlo mkali hapewi pesa. Anapewa lishe ya tiba ya karanga na maziwa, yenye kipimo kama dawa. Marekani hiyohiyo ina mpango wa WIC kwa wajawazito, wanaonyonyesha na watoto chini ya miaka mitano, wenye orodha maalumu ya vyakula. Orodha hiyo iliporekebishwa mwaka 2009 kuongeza matunda, mboga na nafaka zisizokobolewa, ulaji ulibadilika. WIC ni nyongeza yenye kazi moja inayojulikana, si pesa yote ya jikoni. Vilevile, barabara ikikatwa na mafuriko na duka likabaki na rafu tupu, lete magunia. Pesa hailiwi.

Mwaka 2025 ufadhili ulipungua, WFP ikalazimika kushusha mgao wa Kakuma na wa kambi nyingine ya wakimbizi, Dadaab, hadi chini ya theluthi moja ya kiwango kamili, na pesa taslimu zikasimamishwa. Watu wa Kakuma waliandamana. Siku pesa hizo zitakapopangwa upya, kutakuwa na kikao cha kuamua ziwe na masharti gani, na hakika mtu ataleta orodha ya vitu vya kuzuia. Ninawaomba watakaokaa mezani siku hiyo watume kwanza mtu Kalobeyei akaulize bei tatu: kilo ya maharagwe kwa taslimu, kilo ya maharagwe kwa mkopo, na mzigo wa kuni wa kuyapikia.