Maua ya kahawa: yatazame, lakini usiyategemee kukopa

Kila Machi na Aprili, Wajapani husafiri kutazama maua ya micheri. Je, uko Majengo? Huhitaji pasipoti. Sisi tuna maua ya kahawa.

Lini? Mvua ikinyesha baada ya kiangazi, hesabu kama siku kumi. Angalia Machi hadi Aprili, na tena Oktoba hadi Novemba. Usichelewe: maua hukaa siku mbili tatu tu, halafu yananyauka.

Wapi? Ukiwa Majengo ya Embu, panda matatu ya Manyatta au Runyenjes. Ukiwa Majengo ya Meru, elekea Nkubu. Utaona mashamba meupe, yananukia kama asumini. Omba ruhusa kwa mwenye shamba, na usichume: kila ua ni tunda la kesho.

Na kama shamba ni lako? Furahia, lakini ua bado si pesa. Kutoka ua hadi tunda jekundu ni kama miezi minane. Mkopo wa simu mara nyingi hudaiwa baada ya siku 30. Mvua ya mawe ikipiga, maua yameenda, deni limebaki.

Kabla ya kukubali mkopo, soma mambo mawili: tarehe ya kulipa, na jumla utakayolipa.