Koti Lako la Mvua Halivuji, Hilo Ni Jasho Lako

Umenunua koti la mvua la maana, lile ambalo muuzaji alikuapia kwamba halipitishi maji na "linapumua". Umeingia msitu wa Kilimanjaro kupitia geti la Machame, mvua ikaanza, ukalivaa na kufunga zipu hadi kidevuni. Saa mbili baadaye unapitisha mkono ndani: fulana imelowa chepechepe. Unamlaani muuzaji.

Mimi nilimlaani kweli, tena kwa sauti, siku tuliyopanda na wenzangu kuchukua sampuli za udongo. Niliporudi nyumbani nikafanya jaribio ambalo na wewe unaweza kulifanya leo bafuni. Nililigeuza koti nje ndani, nikafunga mkono mmoja kwa kamba upande wa kiganja, nikaujaza maji na kuutundika usiku kucha juu ya beseni. Asubuhi beseni lilikuwa kavu. Koti halikuwa na kosa. Maji yale yalikuwa yangu.

Siri iko kwenye utando mwembamba ulioshikizwa nyuma ya kitambaa. Mwaka 1969, Mmarekani Bob Gore alichukua kijiti cha moto cha plastiki iitwayo PTFE, ileile inayopakwa kwenye vikaango visivyoshika chakula, akakivuta kwa nguvu ghafla. Badala ya kukatika kikarefuka, kikajaa vitundu visivyoonekana kwa macho. Vitundu hivyo ni vidogo mara maelfu kuliko tone la mvua, lakini ni vikubwa mara mamia kuliko molekuli moja ya maji. Kwa hiyo tone linagonga mlango na kubaki nje, ila jasho lililogeuka mvuke linapita.

Linapita, sawa. Lakini kwa kasi gani? Hapo ndipo lebo inapokuchanganya. Koti likiandikwa 10,000 upande wa kupumua, maana yake ni kwamba maabara, mita moja ya mraba ya kitambaa ilipitisha gramu 10,000 za mvuke kwa saa 24. Gawanya: kama gramu 417 kwa saa. Sasa mtu anayepanda mlima na mzigo mgongoni anaweza kutoa hata lita moja ya jasho kwa saa, yaani gramu 1,000. Na begi lako limeshafunika mgongo wote, sehemu inayotoka jasho kuliko karibu zote. Hesabu haitoshi hata kabla mvua haijaanza.

Tena msitu si maabara. Mvuke hutembea kutoka palipo na mvuke mwingi kwenda palipo na mchache, basi. Miteremko ya kusini ya Kilimanjaro, kwenye mita 2,200 hivi, hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, wakati Moshi mjini haifiki 1,000. Ndani ya wingu lile hewa ya nje tayari imeshiba maji, na kinachosukuma mvuke wako utoke ni ile tofauti ya joto tu kati ya ngozi yako na nje. Halafu kuna ile dawa iliyopakwa juu ya kitambaa, inayofanya matone yabingirike kama kwenye jani la myugwa. Ikichakaa, kitambaa kinalowa, maji yanatandaza kama blanketi juu ya vitundu, na "kupumua" kunakwisha hapo.

Utasema: kulowa jasho si jambo geni, kwani shambani hatulowi? Tatizo si kulowa. Tatizo ni kusimama.

Ukipanda, mwili wako unazalisha joto la wati 500 hivi, kama taa tano za zamani za wati 100. Ukikaa kupumzika zinabaki kuwaka taa moja tu. Nguo iliyolowa haijali kwamba umezima nne: maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa, na kila gramu inayokauka mwilini inaondoka na joto lako. Ongeza kwamba kutoka getini, mita 1,800 hivi, hadi kambi ya Machame karibu na mita 3,000, hewa imepoa kama nyuzi 7.

Siku ile ile niliyokuwa nalaani koti, kijana aliyetubebea vifaa alikuwa amevaa sweta la pamba lenye kofia, na juu yake mfuko wa plastiki aliotoboa matundu ya mikono. Njiani alikuwa mzima, anatutania. Tulipofika akakaa. Dakika ishirini baadaye alishindwa kufungua kamba ya mzigo, vidole havimtii, na maneno yakaanza kuburuta kama ya mlevi. Hizo ni dalili za mwili kushuka kuelekea nyuzi 35, na hazihitaji theluji. Tulimvua zile nguo, tukamvalisha kavu, tukamwingiza kwenye begi la kulalia na kumpa chai yenye sukari nyingi. Alirudi sawa. Lakini yeye alibeba mzigo mkubwa kuliko sisi sote akiwa na nguo mbovu kuliko zetu sote, na hakuna hata mmoja wetu aliyemwangalia pale getini.

Kumbe plastiki yake haikuwa tatizo kubwa. Poncho pana, wazi ubavuni, inaingiza hewa kuliko makoti mengi ya bei. Kilichomponza ni pamba, ambayo inanyonya maji na kukataa kuyaachia. Wawindaji wa kulungu huko Scotland wana shida hiihii, unapanda kwa nguvu kisha unalala kimya kwenye manyunyu ukimvizia mnyama, na wengi bado wanavaa sufu nzito. Sufu ikilowa bado inashika joto kiasi, tena haipigi kelele kama nailoni.

Kwa hiyo ukienda kuchambua mitumba pale Memorial, anzia ndani. Geuza koti. Utepe uliobandikwa juu ya mishono ukibanduka, au utando ukimenyeka kama ngozi iliyoungua jua, liache hata kama nembo inang'aa. Tafuta zipu za kwapani, maana zinatoa mvuke kuliko utando wowote. Mwagia maji kidogo: yakibingirika, vizuri, yakinywewa, usikate tamaa, kwani mara nyingi kufua vizuri, kusuuza sabuni yote na kupitisha pasi ya moto mdogo juu ya kitambaa kikavu kunaamsha ile dawa. Chini yake vaa polista au sufu.

Na ukipanda, lifungue kabla hujaanza kutoka jasho. Mimi bado ninalo lilelile, zipu ya kifuani huwa wazi hata mvua ikinyesha, na chini kabisa ya begi kuna masweta mawili makavu ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa fundo. Moja si langu.