Ng'ombe anapogomesha apu: Hivi ndivyo rejeksi inavyosaka alama korofi

Mtengeneza apu amemaliza kutafsiri kazi yake kwa Kiswahili. Anajaribu kuijenga, inagoma. Mchawi nani? Ritifaa, ile alama (') iliyo ndani ya neno "ng'ombe".

Kwa nini igome?

Maneno anayoyaona mtumiaji wa apu ya Android kwa kawaida hukaa kwenye faili la XML liitwalo strings.xml. Ya Kiswahili huwekwa kwenye folda ya values-sw.

Humo alama nyingine zina kazi maalumu. Alama < hufungua tagi, na & huanzisha msimbo wa alama. Zikitakiwa kama maandishi ya kawaida, huandikwa &lt; na &amp;.

Android nayo ina sharti lake: ritifaa itanguliwe na \, yaani ng\'ombe, au sentensi nzima ifungwe kwa alama za "".

Wapo wanaoamua kuifuta tu. Apu inajengwa, sawa, lakini msomaji anakutana na "ngombe". Na sauti ya ng' siyo ile ng ya "ngoma".

Rejeksi inasaidiaje?

Ukitafuta ' kwa njia ya kawaida, zinakuja zote, hata zilizokwisha kurekebishwa. Rejeksi ni fomula inayotafuta kwa masharti. Mbili zinatosha hapa:

(?<!\\)'

Maana yake: leta kila ritifaa ambayo haijatanguliwa na \.

&(?!amp;|lt;|gt;|quot;|apos;|#)

Maana yake: leta kila & isiyofuatwa na msimbo halali. Majina hayo matano XML inayajua yenyewe, na # huanzisha namba ya alama, mfano &#39;.

Kwenye Android Studio ya Windows, mtengenezaji anabonyeza Ctrl+Shift+F, anawasha kitufe cha .* kisha anabandika fomula.

Tahadhari

Kubadilisha zote kwa mkupuo ni hatari. Rejeksi haielewi muktadha: ritifaa iliyo ndani ya sentensi iliyofungwa kwa "", au kwenye mstari wa kwanza kama <?xml version='1.0'?>, haina kosa lolote. Ni bora kupitia moja moja.

Baada ya hapo, apu inajengwa tena, na kazi ya mwisho ni kufungua simu kuhakikisha ng'ombe ametokea mzima.