Pakia na Pakua: Maana na Asili ya Vitenzi Viwili vya Bandarini

Makala haya yanakusudia kufafanua vitenzi viwili vinavyokaribiana kwa umbo na kupingana kwa maana: pakia na pakua. Katika bandari ya Kilindini, ambayo jina lake latokana na kilindi, yaani mahali penye maji ya kina kirefu, vitenzi hivi husikika kutwa: shehena hii inapakiwa, ile inapakuliwa.

Baadhi ya wanafunzi hudhani kwamba pakia ni neno la mkopo lililotokana na kitenzi cha Kiingereza pack. Dhana hii haina mashiko. Kwanza, Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, aliliorodhesha neno hilo katika kamusi yake iliyochapishwa mwaka 1882, kabla ya Waingereza kuanza kuitawala pwani ya Kenya mwaka 1895. Pili, mofolojia yake ni ya Kibantu. Mzizi ni pak-, na kiambishi -u- ni cha kauli ya kutendua, ambayo hupindua tendo. Linganisha fukia na fukua, anika na anua, twika na tua. Isitoshe, Kiingereza chenyewe kilipata neno pack kutoka Kiholanzi au Kijerumani cha kaskazini katika Zama za Kati. Kufanana kwa sauti pekee si ushahidi wa asili.

Kimaana, kupakia ni kutia mzigo katika chombo, na kupakua ni kuutoa chomboni. Ndiyo maana katika nyumba za Mji wa Kale huambiwa binti, "Pakua wali", kwani chungu nacho ni chombo. Hata hivyo, mchele hatuupakii chunguni, bali twautia. Jikoni, basi, pakua imetanuka kuliko mwenziwe.

Siku hizi vitenzi hivi vimeingia katika lugha ya kompyuta, na wengi huvichanganya. Bandari yatupa jibu: uchukulie mtandao kuwa jahazi, na kompyuta yako kuwa gati. Faili unalolipeleka mtandaoni umelipakia. Unalolileta kwako umelipakua. Aandikaye "nimepakia kitabu kutoka mtandaoni" amegeuza safari ya shehena.

Ni wajibu wetu, wanafunzi wa Kiswahili, kuichunguza hazina ya lugha yetu kabla ya kukimbilia kukopa, na kabla ya kukiri deni ambalo hatukulikopa.