Mechi Tatu Hazitoshi Kumpima Chipukizi

Wahenga walisema nyota njema huonekana asubuhi. Kwenye futiboli ya Marekani, methali hiyo imewaponza wengi. Kila Aprili timu 32 za NFL, ligi kuu ya mchezo huo, huchagua kwa zamu vijana waliotoka vyuoni. Zoezi hilo huitwa drafti, na kwa kawaida timu iliyofanya vibaya kuliko zote msimu uliopita ndiyo hutangulia kuchagua. Ligi huanza Septemba, na kabla ya wiki ya nne mashabiki wameshahukumu: huyu lulu, yule garasa.

Hukumu ya mwaka 2021 haikusubiri hata ligi ianze. Cincinnati Bengals walimchukua Ja'Marr Chase, mdaka pasi, katika nafasi ya tano. Wengi walimtaka Penei Sewell, jitu la kumkinga kwotabeki, yaani mrusha pasi, kwa kuwa kwotabeki wao, Joe Burrow, alikuwa ameumia vibaya goti msimu uliotangulia. Mechi za maandalizi zilipofika, Chase akawa anaangusha pasi moja baada ya nyingine. Mwenyewe alieleza kwamba mpira wa NFL ni mkubwa kidogo, tena hauna mistari myeupe. Watu wakamcheka. Lakini ushike mpira wa vyuoni uutazame: karibu na kila ncha una mstari mweupe, na ukizunguka hewani jicho lina kitu cha kufuata. Wa NFL ni kahawia mtupu. Tena Chase hakuwa amecheza msimu mzima wa 2020, mwaka wa korona. Mikono yake haikuwa na kasoro. Ilihitaji muda tu.

Mechi ya kwanza ya ligi, dhidi ya Minnesota, alipata yadi 101 na bao moja la tachidauni. Alifunga msimu na yadi 1,455, na Bengals wakafika Super Bowl, fainali ya ligi. Sewell naye, aliyeangukia Detroit, leo ni miongoni mwa walinzi bora wa ligi. Ubishi wote ule haukuwa na mshindi.

Kwa makwotabeki mtihani ni mgumu zaidi, na mfano wa 1998 haujapitwa. Indianapolis Colts walimchagua Peyton Manning wa kwanza, San Diego Chargers wakamchukua Ryan Leaf wa pili. Leaf alishinda mechi zake mbili za mwanzo. Manning alipoteza zote mbili, na mwisho wa msimu pasi zake 28 zilikuwa zimenaswa na wapinzani, rekodi mbaya kwa chipukizi. Timu yake ilishinda mechi 3 kati ya 16.

Baada ya mechi mbili zile za mwanzo, aliyeishia kwenye jedwali la ushindi alimwona Leaf ndiye mwenyewe. Kisha ikaja mechi ya tatu, ugenini Kansas City: Leaf alirusha pasi 15, ikafika moja tu, kwa yadi 4.

Kwa hiyo mimi Septemba siangalii jumla. Naangalia macho ya kwotabeki: mdaka pasi wa kwanza akibanwa, anamtafuta wa pili, au anaulazimisha mpira uende kulekule? Naangalia kama kosa la wiki ya pili linarudi vilevile wiki ya sita. Manning alikosea sana, lakini alicheza mechi zote 16, na mwaka uliofuata Colts walishinda 13. Naangalia pia waliomzunguka, maana kijana anayechaguliwa mapema mara nyingi huenda kwenye timu mbovu. Troy Aikman alianza mechi 11 msimu wake wa kwanza, 1989, na Dallas wakapoteza zote. Baadaye alitwaa Super Bowl tatu.

Mkimbiza mpira unaweza kumpima mapema kidogo, kwani kazi yake haidai kusoma uwanja mzima kwa sekunde mbili au tatu. Kwa mlinzi wa safu ya mbele, usitafute takwimu. Rudia mkanda, utazame miguu yake.

Timu zenyewe, zenye makocha na kanda za kila zoezi, hazina haraka hiyo. Mkataba wa chipukizi ni wa miaka minne, na kwa waliochaguliwa raundi ya kwanza, uamuzi wa kuongeza mwaka wa tano hufanywa baada ya msimu wa tatu. Nakuomba, msomaji, kijana wa timu yako mpe walau nusu ya muda huo kabla hujamwita garasa.