Sophocles wa Shaba, Hemedi wa Karatasi

Karibu mwaka 330 kabla ya Kristo, mwanasiasa Lycurgus wa Athens alipitisha sheria yenye mambo mawili. Aeschylus, Sophocles na Euripides, washairi wa tamthilia waliokwisha kufa zamani, wasimamishiwe sanamu za shaba kwenye ukumbi wa maonyesho. Tena tungo zao ziandikwe rasmi, zitunzwe na serikali, na mwigizaji asithubutu kuzichezea.

Sanamu za namna hiyo huanza na nta. Nta hufunikwa udongo, huchomwa ikayeyuka na kutoka, kisha shaba iliyochanganywa na bati humiminwa katika uwazi ulioachwa. Ni ufundi mkubwa, lakini shaba ni mali: shida ikibisha hodi, mshairi hurudishwa motoni. Zile tatu hazipo. Kilichopo Vatican ni sanamu ya marumaru iliyopatikana Terracina, Italia, na wataalamu wengi huiona nakala ya Sophocles yule. Mkono wa kulia umekunjwa kifuani ndani ya shuka, wa kushoto uko kiunoni, uso umetulia kama wa mzee anayengoja zamu yake barazani.

Wasomaji wa Handeni na Korogwe wana kisa cha jirani. Bwana Heri wa Saadani, kiongozi wa Wazigua, alipigana na Wajerumani wa kamanda Wissmann hadi 1890. Vita hivyo vya Mrima, yaani vya pwani, vilitungiwa utenzi na Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, mtu wa Tanga hukohuko. Sanamu akapewa nani? Wissmann, Dar es Salaam. Waingereza wakaing'oa, ikaishia Hamburg, na wanafunzi wakaiangusha 1968. Mwaka 1927 Dar es Salaam ikapata sanamu ya Askari, na maneno ya chini yake yakatungwa na mshairi, naam, ila Rudyard Kipling! Utenzi wa Hemedi ulichapwa 1955 pamoja na tafsiri ya J. W. T. Allen, umesalimika bila hata kipande cha shaba.

Tukitaka naye asimamishiwe sanamu, kumchonga Hemedi bila picha kusitutishe. Uso wa Homer ulibuniwa na wachongaji, mzee kipofu mwenye ndevu, na dunia ikaukubali. Lakini kwenye stendi ya Korogwe au Handeni mimi ningeanza na bamba la jiwe lenye ubeti wake mmoja. Ubeti wa utenzi ni mistari minne ya mizani nane nane, kwa hiyo unaenea kwa herufi kubwa ambazo abiria atazisoma dirishani kabla basi halijaondoka.