Vijidudu Havina Miguu: Usafi katika Kumbi za Mazoezi

Katika miji yetu si ajabu siku hizi kuwakuta vijana wakinyanyua vyuma nyakati za jioni. Wengine huingia katika kumbi zenye mashine za kisasa. Wengine hukusanyika uani na kutumia vyuma vya kujitengenezea kwa bomba na makopo yaliyojazwa zege. Wote hutafuta jambo moja, nalo ni afya. Lakini chuma kimoja hushikwa na mikono mingi, benchi moja hulaliwa na migongo mingi, na taulo moja mara nyingine hufuta nyuso mbili au tatu. Makala haya yanaeleza jinsi vijidudu vya maradhi vinavyosafiri mahali pa namna hiyo, na jinsi ya kuvikatia njia.

Kwanza tuondoe dhana mbili. Dhana ya kwanza ni kwamba jasho ndilo liletalo maradhi. Jasho litokapo mwilini ni maji yenye chumvi kidogo. Kosa lake ni kulowanisha ngozi na nguo tu, na vijidudu hupenda unyevu. Dhana ya pili ni kwamba mwili wenye misuli haushikwi na vijidudu. Hiyo tuipime kwa mifano ya kweli.

Njia ya mguso

Mwaka 1880, daktari mpasuaji Alexander Ogston wa mji wa Aberdeen, Uskoti, alichunguza usaha wa majipu kwa hadubini. Aliona viumbe vidogo vya mviringo vilivyosongamana kama kichala cha zabibu. Bakteria hao tunawaita stafilokokasi. Aina moja yao, ambayo ikioteshwa katika maabara hufanya makundi yenye rangi ya dhahabu, hukaa puani mwa watu wapatao 3 katika kila 10 bila kuwadhuru. Ngozi nzima ni ukuta ambao bakteria huyu hawezi kuupenya kwa urahisi. Ngozi ikichubuka, mlango umefunguka.

Mwaka 1959 ilianza kutumika dawa iitwayo methisilini, iliyokusudiwa kuwaua stafilokokasi waliokuwa wameishinda penisilini. Kufikia mwaka 1961, wataalamu wa Uingereza walikuwa wamekwisha kukuta stafilokokasi sugu hata kwa dawa hiyo.

Sasa tuitazame timu ya St. Louis Rams ya Marekani, iliyocheza mpira wa miguu wa Kimarekani, mchezo wa kukabana na kuangushana. Katika msimu wa mwaka 2003, wachezaji 5 kati ya 58 walipata jumla ya majipu na vidonda 8 vilivyosababishwa na stafilokokasi sugu. Hawa walikuwa miongoni mwa watu wenye nguvu kupita kiasi cha kawaida. Vidonda vyote vilianzia mahali ambapo ngozi ilikuwa imechubuliwa na nyasi za bandia za uwanjani.

Wachunguzi walipotafuta njia ya kijidudu hicho, waliona mambo ambayo kila mwalimu wa michezo anayafahamu. Wachezaji walishirikiana taulo uwanjani. Waliingia katika maji ya pamoja ya kupumzishia viungo bila kuoga kwanza. Waliofunga vidonda hawakuwa na maji ya kunawia karibu. Vifaa vya kunyanyulia uzito havikusafishwa kwa utaratibu. Hapakuhitajika uchawi wowote: mchubuko ulikuwapo, na mikono na taulo zilimbeba kijidudu hadi mlangoni. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Njia ya hewa

Njia ya pili haiguswi. Mtu aliyetulia huvuta lita 6 hadi 8 hivi za hewa kwa dakika. Katika mazoezi makali, mtu aliyezoea anaweza kuzidi lita 100. Kwa hiyo mwenye ugonjwa wa njia ya hewa hutoa vijidudu vingi zaidi, na jirani yake huvuta vingi zaidi.

Jambo hilo lilionekana katika mji wa Cheonan, Korea ya Kusini, mwanzoni mwa mwaka 2020, wakati ugonjwa wa UVIKO-19 ulipokuwa ukienea. Wakufunzi wa mazoezi ya kucheza ngoma walikutana katika semina mwezi Februari, na baadhi yao wakaondoka na maambukizi. Kufikia tarehe 9 Machi, wagonjwa 112 walikuwa wamehusishwa na madarasa hayo katika kumbi 12. Madarasa yalichukua dakika 50 hivi, katika vyumba vya mita za mraba zipatazo 60, yenye watu 5 hadi 22. Lakini mkufunzi mmoja aliyeambukizwa alifundisha mazoezi ya polepole ya kujinyoosha kwa vikundi vya watu 7 au 8, na hakuna mwanafunzi wake aliyepatikana na ugonjwa. Mfano mmoja si uthibitisho kamili, ila unalingana na tunayoyajua kuhusu pumzi.

Kukata njia

Vijidudu havina miguu. Sisi ndio tunaovibeba. Basi kanuni ni chache, na nyingi hazina gharama kubwa:

1. Kila mtu awe na taulo yake, na aitandike juu ya benchi kabla ya kulala.
2. Mikono inawiwe kwa sabuni kabla na baada ya mazoezi.
3. Mchubuko uoshwe kwa maji na sabuni, ufunikwe kwa kitambaa safi. Jipu lisiminywe, mwenye jipu aende zahanati, wala asijinunulie dawa.
4. Vifaa vifutwe kwa maji ya sabuni kwanza, kisha kwa dawa ya klorini iliyochanganywa kama maelezo yake yasemavyo. Uchafu huidhoofisha klorini. Dawa iachwe ikiwa mbichi kwa muda ulioandikwa, kwa kuwa kupaka na kukausha papo hapo hakuui vya kutosha.
5. Madirisha ya pande mbili yafunguliwe ili hewa ipite, na mwenye kukohoa au homa abaki nyumbani.

Jaribio la darasani

Mwalimu asage chaki ya rangi na kuipaka juu ya mpira mmoja, bila kuwaambia wanafunzi. Wacheze kwa dakika 20. Kisha wahesabu ni mikono mingapi, nyuso ngapi na nguo ngapi zimepata rangi. Siku nyingine jaribio lirudiwe, lakini wanafunzi wanawe kwa sabuni katikati ya mchezo. Matokeo ya siku mbili yachorwe kwa grafu na kulinganishwa.

Wanafunzi watashangaa kuona rangi hata kwa yule ambaye hakuugusa mpira. Hapo ndipo mwalimu awaambie kwamba chaki wameiona kwa kuwa ina rangi. Vijidudu hupita njia hiyo hiyo, bila kuonekana.